Mpenzi wa riwaya yangu ametoka ziwani, na wasomaji wanasema ni jini mahaba

Binti wa Katonga aliuliza:

Ndugu zangu wa jukwaa hili, habari za jioni. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiandika riwaya ya mapenzi kati ya msichana aliye hai na mwanamume aliyekwisha kufa, na mandhari yake ni hapa hapa Kigoma, mwaka 2140, baada ya dunia tunayoijua kuharibika. Nimefika sura ya tisa nikakwama, na kwa kuwa humu wamo waandishi, wavuvi na watu wazima walioona mengi, nimeona heri niulize kuliko kuendelea kuchana karatasi.

Naomba kwanza nieleze kisa kwa ufupi. Mji wa Kigoma, Ujiji ikiwemo, unatawaliwa na chombo kiitwacho Mamlaka, ambacho kimejimilikisha mwanga na kinaulinda kwa minara, ndege zinazoruka zenyewe na askari wenye nyuso za chuma. Mafuta ya taa hayapo tena, betri ni chache, na kila kaya hupewa mgawo wa mwanga na wa unga kulingana na idadi ya watu wake walio hai. Kwa kuwa mgawo hukatwa mara mtu anapofariki, familia zimejifunza kuficha vifo: maiti huzikwa usiku pasipo kilio wala matanga, na kila mwisho wa mwezi, orodha inaposomwa, ndugu mmoja huitika jina la marehemu kana kwamba marehemu yupo nyuma ya foleni ameinama kufunga kiatu. Hata baba yake Zuhura, mhusika wangu mkuu, amekufa miaka mitatu iliyopita na bado anaitikiwa.

Zuhura ni fundi wa taa za kuvulia dagaa katika mwalo wa Katonga, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Usiku mmoja wa giza, akiwa peke yake ndani ya mtumbwi akijaribu taa aliyoitengeneza, dagaa wanapanda kama ilivyo kawaida yao kufuata mwanga, na katikati ya dagaa unapanda uso wa mwanamume. Tangu usiku huo, kila akiwasha taa, mwanamume yule huja. Siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliki, naye haji. Hapo ndipo mapenzi yanapoanzia.

Sasa, tatizo. Niliwapa wasomaji sita sura nne za kwanza, wote wakiwa wakazi wa Kigoma na Ujiji. Watano walinijibu jambo lile lile: huyo ni jini mahaba, na Zuhura apelekwe akasomewe. Wa sita, ambaye ni shangazi yangu, hakumaliza sura ya pili. Alizikunja karatasi, akazirudisha ndani ya bahasha, kisha akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe silali vizuri siku hizi. Mimi nilitaka wamwonee Zuhura wivu, wao wakamtafutia shehe. Ninaelewa kwa nini, kwa sababu hapa kwetu binti anayekataa wachumba, anayeota ndoto za mwanamume asiyemjua na anayependa kukaa peke yake gizani, hahesabiwi kuwa amependa. Huhesabiwa kuwa anaumwa. Lakini nikimwondolea Zuhura dalili hizo, sibakiwi na mapenzi ya kuandika.

Kwa hiyo nauliza: huyu mwanamume nimfanye jini, nimfanye mzimu, au nibuni kiumbe kisicho na jina katika lugha yetu? Pia, katika sura ya tisa nimelikausha ziwa lote ili wapenzi watembee kwa miguu hadi chini kabisa, na kaka yangu ameicheka sura hiyo. Je, ana haki ya kucheka? Na mwisho, nahisi giza la Mamlaka limening'inia nyuma ya mapenzi kama pazia tu, wala halimgusi mtu. Nifanye nini ili liwaingie wapenzi wenyewe?

---

Mvuvi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, kaka yako ana haki ya kucheka, ila asicheke sana. Mimi nimevua dagaa miaka ishirini na miwili kabla mgongo haujanikataza, na nitakujibu upande wa ziwa peke yake, kwa kuwa mambo ya jini na mzimu nawaachia wanaoyajua.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu kuliko pote, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Bonde la upande wetu wa kaskazini nalo linapita mita 1,300. Maji ya namna hiyo hayakauki katika miaka mia moja na ushee, hata ungeliwakisha jua mchana na usiku. Linachofanya ziwa letu ni kupanda na kushuka. Katika karne ya 19 lilipanda mpaka mwaka 1878 likafurika kwa kupitia mto Lukuga upande wa Kongo, kisha likashuka kwa mita kadhaa. Na mwaka 2020 na 2021 sote tuliona maji yakirudi kudai pwani yake, yakaingia nyumba za watu na kuimeza mialo. Kwa hiyo mwaka 2140 liache ziwa mahali pake, lakini liandike tupu. Ziwa lililojaa maji ambalo halina samaki linatisha kuliko bonde kavu, kwa sababu bonde kavu mtu analihama, ilhali ziwa tupu mtu huendelea kulitegea nyavu.

Utupu huo haukuhitaji kuubuni. Maji ya ziwa hili yamekaa kwa tabaka. Juu kuna maji ya vuguvugu yenye oksijeni, na upande wetu oksijeni hiyo inakwisha karibu na mita mia moja. Chini ya hapo, zaidi ya kilomita nzima kwenda chini, hakuna samaki anayeishi. Lakini chakula kimelala huko huko chini, kwa kuwa kila kinachokufa juu huzama na virutubisho vyake. Upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini mashariki, kuanzia kama mwezi wa tano hadi wa tisa, huyasukuma maji ya juu na kuyatikisa tabaka, na kiasi fulani cha chakula kile hupanda. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi, tabaka hushikamana zaidi katika nafasi zake, upepo hushindwa kuzichanganya, na ziwa hufa njaa huku hazina yake iko chini ya miguu yake. Haya yamekwisha kuanza kuonekana katika maisha yetu. Mwaka 2140 wako ni kuyaongeza tu.

Sasa sikiliza jambo ambalo huenda likakufaa kwa huyo bwana wako. Maji ya chini yana gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama mayai viza, na gesi hiyo huigeuza fedha kuwa nyeusi. Mtu anayetoka huko hawezi kupanda akinukia marashi. Mpe Zuhura bangili ya fedha aliyoachiwa na mama yake, na kila usiku baada ya kukutana, bangili ile iwe imefifia zaidi. Watu wa nyumbani wataliona hilo kabla hawajaambiwa lolote. Na ujue kwamba kile kinachomleta huyo mwanamume juu, yaani tabaka kuvunjika, ndicho kinacholeta chakula cha dagaa, na ndicho hicho hicho kinacholeta sumu. Akija mara moja moja, samaki wanarudi. Akija kukaa, mwalo mzima unakufa.

Marekebisho mawili ya ufundi. Umeandika kwamba dagaa "wanapanda", lakini hujaandika jinsi wanavyosikika. Kwanza hukusanyika wadudu kwenye karabai, kisha unaona maji yanabadilika rangi chini ya taa, halafu dagaa wanaanza kupasua uso wa maji na unasikia sauti kama manyunyu yanayodondoka juu ya majani ya mgomba, ilhali mbingu ni nyeupe kwa nyota. Taa hupunguzwa mwanga ili wasogee karibu zaidi, ndipo wavu huinuliwa. Msichana wako ni fundi; yeye atajua kwamba uso wa mtu utaonekana vizuri wakati taa inapunguzwa, si wakati inapowashwa.

La pili ni giza. Kama ungekuwa Katonga mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ungejua kuandika ziwa bila taa. Tumezoea kuona taa za mitumbwi usiku kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Mwezi wa sita mwaka ule nilitoka nje usiku, nikatazama, nikakosa pa kuweka macho. Nilirudi ndani nikamwamsha mke wangu pasipo sababu yoyote, nikamwambia tu kwamba ziwa limezimwa. Tena kufunga kule kulikuwa na nia njema na kulikuwa na mwisho. Wewe andika kule kusikokuwa na mwisho.

---

Mwalimu wa Isevya alijibu:

Mwangaluka, dada yangu wa Kigoma. Mimi nipo Tabora na ninafundisha Kiswahili, kwa hiyo nitashika swali lako la kwanza, ambalo naona ndilo linaloyabeba mengine.

Wasomaji wako watano wamekusoma sawasawa kwa kanuni wanazozijua, basi usiwakasirikie. Jini mahaba katika masimulizi yetu ni mgeni. Ana kabila lake, ana dini yake, ana makao yake majini au mbuyuni, na amemwona binti wa watu akamtamani pasipo kuwauliza wenyewe. Ndiyo maana tiba yake huanza kwa mahojiano. Mgonjwa akipandisha, anayemtibu hasemi na mgonjwa, husema na aliyempanda: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Naye hutaja jina lake, hutaja ubani na marashi anayoyapenda, hudai nguo ya rangi fulani, na mara nyingine hukubaliwa abaki kwa masharti, binti akawa kiti chake kwa maisha yote. Ukilitazama jambo hilo kwa utulivu utaona kwamba ni posa iliyokosewa utaratibu, na wazee wamekaa kuirekebisha. Mwanamume wako hajahojiwa na mtu. Sura nne zimekwisha, Zuhura amempenda, wala hajawahi kumwuliza jina. Msomaji wetu atasamehe mauti, lakini mtu asiyejitambulisha hamsamehi.

Mzimu ni jambo jingine kabisa. Jini ni mgeni, mzimu ni wa kwenu. Huku Unyamwezini mzimu ni marehemu wa ukoo ambaye bado ana haki zake: hutambikiwa, hutajwa kwa jina, hupewa sehemu yake ya pombe na unga, na akisahauliwa hukasirika. Kwa hiyo ukiandika kwamba mpenzi wa Zuhura ni mzimu, msomaji wa Tabora atauliza swali moja kabla ya kugeuza ukurasa: mzimu wa nani? Ikiwa ni mzimu wa ukoo wake, basi huyo ni babu yake.

Usicheke. Tunajua kwamba babu humtania mjukuu wake wa kike kwa kumwita "mke wangu", bibi akajifanya kununa, na hakuna anayeona haya kwa sababu kila mtu anajua mpaka ulipo. Utani ule unawezekana kwa kuwa nasaba inajulikana. Lakini wewe umebuni mji ambamo vifo vinafichwa, majina ya wafu yanaitikiwa na walio hai, na baada ya vizazi vitatu vya udanganyifu huo hakuna anayejua kwa hakika yeye ni mtoto wa nani. Katika mji kama huo, binti akimpenda mtu aliyetoka kwa wafu, hana njia ya kujua kama anampenda babu wa babu yake. Dada yangu, hofu kuu ya kitabu chako imekaa hapo, na wewe umeipita ukikimbilia ziwa lililokauka. Hapo pia ndipo Mamlaka inapoingia chumbani mwa wapenzi bila kuvunja mlango: orodha yao ya mgawo ndiyo iliyoua nasaba.

Wewe utauliza, basi nifanye nini, maana sitaki Zuhura aolewe na babu yake. Kuna watu wa namna ya tatu, na hapana haja ya kuwabuni. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji kwenda Bagamoyo ilipita hapa kwetu Tabora. Watu waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa wakiwa wamefungwa, wengine hawakufika hata Ujiji, na waliokufa majini au njiani hawakuzikwa na ndugu zao wala hawakutambikiwa na mtu. Mtemi Isike, mtawala wa hapa kwetu aliyepigana na Wajerumani, alipojilipua ndani ya ngome yake mwezi Januari 1893 alikuwa na jina, nasi tunalitaja hadi leo. Wale hawana wa kuwataja. Si majini, kwa sababu walikuwa watu. Wala si mizimu ya ukoo wowote wa pwani hii, kwa sababu koo zao ziko mbali na hazijui walikofia. Mmoja wao akipanda kwenye taa ya Zuhura, hatakuwa mgeni aliyekuja kutamani, wala hatakuwa babu. Atakuwa mtu anayehitaji kitu ambacho katika mji wako kimepigwa marufuku, yaani mtu mmoja wa kukubali mbele ya watu kwamba amekufa, na kumlilia.

Kuhusu kubuni kiumbe kisicho na jina katika lugha yetu, nakushauri uache. Kezilahabi alipoandika riwaya yake ya Nagona, iliyotoka mwaka 1990, aliuvunja ulimwengu wote na kuujaza vivuli, na bado alitumia maneno ambayo bibi yake angeyaelewa.

---

Kijana wa Reli alijibu:

Nawaheshimu wakubwa walionitangulia, lakini naona tunaelekea kuifanya riwaya ya mapenzi kuwa kitabu cha mila na desturi. Mimi nasomea kwenye simu, ndani ya treni, na nikifika sura ya tatu kabla wapenzi hawajashikana mikono, nahamia kitabu kingine. Pendekezo langu ni rahisi: mwanamume awe fundi wa ile meli ya Wajerumani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande kwa reli, na mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi baada ya kuipaka mitambo grisi ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli hiyo ilikufa, ikazikwa na kufufuka kabla hata babu zetu hawajaoa. Fundi aliyeipaka grisi na fundi wa taa wana mengi ya kuzungumza, na hakuna atakayeuliza kama ni babu yake.

---

Mama Mawese alijibu:

Binti yangu, hujambo. Mimi si mwandishi, ninakamua mawese, lakini nasoma kila kitu na nimeishi miaka ambayo ninyi mnaibuni.

Umeandika kwamba Mamlaka ina minara, ina ndege zinazoruka zenyewe, ina askari wenye nyuso za chuma. Viondoe. Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa zilipoadimika nchi nzima, hatukuona mnara wowote. Tulichokiona ni daftari. Sukari, sabuni na kanga vilipokuja, viliandikwa kwa majina, na aliyeyajua majina ya kaya zetu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu tuliyemfahamu, ambaye mke wake nilisuka naye nywele. Alikuwa na kalamu moja ya risasi ambayo aliilowesha kwa ulimi kabla ya kuandika. Hadi leo nikimwona mtu analamba kalamu, tumbo hunishika, na bwana yule hakuwahi kunidhulumu hata kipande cha sabuni. Sasa fikiri angekuwa mtu wa kudhulumu. Mwenye orodha katika kitabu chako awe jirani. Awe anajua fika kwamba baba yake Zuhura amekufa, na kila mwezi aliite jina lile, aitazame bangili ya binti inavyozidi kuwa nyeusi, asiseme neno, ila alambe kalamu. Giza litakaribia lenyewe.

Yule Mjerumani wa grisi simtaki. Nani atamposea?

Na hapo ndipo nilipokuwa nakwenda. Mwalimu amesema vizuri kwamba jini mahaba ni posa iliyokosewa utaratibu, lakini akaishia njiani, kama kawaida ya walimu. Ikiwa huyu mwanamume ni mtu wa heshima aliyekosa ndugu, atatafuta utaratibu kuliko mtu yeyote, kwa sababu utaratibu ndio alionyimwa. Atauliza: kwenu ni wapi, nimtume nani, mahari ni nini? Shangazi yako alirudisha karatasi kwenye bahasha kwa kuwa aliona mwanamume anayepanda usiku na kushuka usiku. Mwandikie mwanamume anayetaka kuonana na wazee, uone kama hatamaliza.

---

Binti wa Katonga alijibu:

Shikamooni wote mlionizidi umri, na ahsanteni. Nimekaa na majibu yenu siku tisa. Sura ya tisa nimeichana. Ziwa limerudi mahali pake, na kaka yangu amekubali kwa shingo upande. Minara na nyuso za chuma vimeondoka pia. Kijana wa Reli, samahani, mpenzi wangu hatakuwa mtu wa manowari wala wa meli, lakini ile grisi nimeiiba: Zuhura anaipaka bangili yake mafuta ya mawese kila asubuhi ili isififie, na haisaidii.

Mvuvi, nimetumia sauti ya manyunyu. Na kuna jambo nilikumbuka baada ya kukusoma. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba waliambiwa na wapiga makasia wa Ujiji habari za mahali paitwapo Kabogo, ambapo ziwa hunguruma kama radi, na kwamba waliopita pale walitupa majini shanga na nguo ili kuutuliza mzimu wa mahali pale. Wakati huo huo sokoni Ujiji shanga zilikuwa ndizo fedha, aina moja ikiitwa sofi. Basi zimo chini huko, na nimeandika hivi:

"Taa ilipofifia, aliuona mkono wake kabla ya uso. Ulikuwa umefumbwa. Zuhura alimwuliza kwa mara ya kwanza jina lake, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kama mtu anayepekua chumba alichokihama zamani. Kisha akasema kwamba mama yake aliwahi kumwita, ila maji yameichukua sauti na kumwachia midomo ya mama ikifunguka na kufumba. Akafumbua kiganja. Shanga zilikuwa nyeupe, fupi, kama vipande vya mtemba uliovunjika. 'Hizi walikuwa wakitupa watu waliotuogopa,' alisema. 'Hakuna aliyenipa mimi. Lakini nimezikusanya. Niambie kwenu anapokea nani.'"

Nimempelekea shangazi. Ameisoma hadi mwisho wa sura, kisha akaniuliza kama shanga zile ni nyingi.

---

Mwalimu wa Isevya alijibu:

"Midomo ya mama ikifunguka na kufumba" iache kama ilivyo, usiiguse tena. Ila neno "mtemba" vijana wengi hawatalijua; usiliondoe, mweke tu babu mmoja anayevuta mtemba katika sura za mwanzo ili wakifika hapo wawe wamekwisha kuuona.

---

Mama Mawese alijibu:

Shangazi yako ana akili, na mimi nauliza linalofuata. Baba wa binti amekufa, lakini katika orodha yu hai, na kaya inakula kwa jina lake. Mahari ya binti hupokelewa na baba. Akipokea mjomba au baba mdogo, basi amekiri mbele ya watu kwamba baba hayupo, na mwisho wa mwezi mgawo unakatwa, tena watauliza wamekula unga wa mfu kwa miaka mingapi. Wasipopokea, binti anakaa na mtu pasipo ndoa. Na mwenye daftari ni jirani, hivyo kwa desturi lazima aalikwe kwenye kikao hicho, aketi pale pale mkekani shanga zikihesabiwa, kalamu yake mfukoni. Andika kikao hicho, binti yangu. Mimi nitasubiri.